Ghorofa Zisizojengwa: Jinsi Mipango ya Ardhi Inavyoamua Hatima ya Majengo ya Kale

Watu wengi huamini kwamba hifadhi ya majengo ya kale ni kazi ya wanahistoria na wasanifu majengo, na kwamba mtaalamu wa mipango miji huitwa mwishoni tu, ama kugonga muhuri kwenye ramani ama kuwazuia wenye matingatinga. Dhana hiyo inaeleweka, kwa kuwa katika miji mingi idara ya urithi na idara ya mipango husimamia sheria tofauti, na hukutana pale tu mgogoro unapofika magazetini au mahakamani. Hata hivyo, ukifuatilia namna majengo ya kihistoria yanavyopotea, utaona kwamba hatima ya mengi kati yake ilikwisha amuliwa miaka mingi kabla ya tingatinga kuwasili, siku ile ramani ya matumizi ya ardhi ilipoidhinishwa na kuruhusu kiwanja kibebe jengo kubwa mara kadhaa kuliko lile lililokuwa limesimama juu yake.

Mpango wa matumizi ya ardhi hutaja shughuli zinazoruhusiwa katika kila kanda, yaani makazi, biashara, viwanda au maeneo ya wazi, na pia hutaja kiasi cha ujenzi. Kiasi hicho huwekewa mipaka kwa urefu wa jengo, kwa umbali wake kutoka mpaka wa kiwanja, na kwa uwiano wa jumla ya eneo la sakafu zote na eneo la kiwanja chenyewe. Tuchukulie kiwanja cha mita za mraba 500 chenye nyumba ya kale ya sakafu mbili, kila sakafu ikiwa na mita za mraba 300. Ikiwa mpango unaruhusu uwiano wa nane, mwenye kiwanja anaweza kujenga mita za mraba 4,000, ilhali nyumba iliyopo inatumia 600 tu. Pengo la mita za mraba 3,400 ndilo linalouzwa. Mnunuzi anayekuja na fedha hanunui nyumba; ananunua ghorofa ambazo hazijajengwa, na kwake nyumba ile ni gharama ya kusafisha kiwanja. Pale ambapo kodi hutozwa kwa kufuata thamani ya ardhi, hata mmiliki asiye na nia ya kuuza huanza kulipia ghorofa ambazo hana.

Sasa punguza uwiano katika kiwanja hichohicho hadi moja na nusu. Kinachoruhusiwa ni mita za mraba 750, na kilichobaki ni 150, ambazo zinaweza kujengwa uani bila kuigusa nyumba ya mbele. Hakuna amri yoyote ya hifadhi iliyotolewa, wala kibao cha shaba hakijapigiliwa ukutani, lakini sababu kubwa ya kubomoa imeondoka. Ndiyo maana ninashikilia kwamba mji unaotangaza jengo kuwa la urithi huku ukiacha uwiano wa nane juu ya kiwanja chake umejipa kazi ya kulipigania jengo hilo kila mwaka, dhidi ya motisha ambayo umeiweka wenyewe.

New York na haki ya anga

Mfano unaofundisha zaidi ni wa New York, kwa sababu mipango ya ardhi na hifadhi ya urithi zilikua huko kila moja kwa njia yake kabla ya kugongana. Mwaka 1916 mji huo ulipitisha kanuni za kwanza nchini Marekani zilizougawa mji mzima katika kanda za matumizi na urefu, baada ya minara kama Equitable Building, lililokamilika mwaka 1915, kupanda wima kutoka ukingo wa barabara na kuwanyima majirani mwanga. Kanuni mpya za mwaka 1961 ndizo zilizoingiza kipimo cha uwiano wa sakafu na kiwanja. Miaka miwili baadaye, mnamo 1963, kazi ya kubomoa kituo cha reli cha mji huo kiitwacho Pennsylvania, kilichofunguliwa mwaka 1910, ilianza. Hakukuwa na sheria yoyote ya mji iliyoweza kuizuia, na kwa mujibu wa mipango ya ardhi hakukuwa na kosa lolote lililotendeka: mwenye kituo alikuwa akitumia haki aliyopewa. Sheria ya kulinda majengo ya kihistoria ya mji huo ilikuja mwaka 1965.

Jaribio lake kubwa likawa kituo kingine, Grand Central, kilichofunguliwa mwaka 1913 na kutangazwa kuwa jengo la kihistoria mwaka 1967. Kampuni ya reli ya Penn Central, iliyokimiliki, ilitaka kujenga juu yake mnara wa ofisi wenye ghorofa zaidi ya 50 uliochorwa na Marcel Breuer. Tume ya majengo ya kihistoria ilikataa. Kampuni ikadai kwamba mji umeinyang'anya mali bila fidia, na kesi ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani, ambayo mwaka 1978 iliupa mji ushindi kwa kura sita dhidi ya tatu. Majaji walio wengi waliona kwamba kampuni ilikuwa bado na uwezo wa kukitumia kituo kama ilivyokusudia tangu mwanzo na kupata faida ya haki, na kwamba haki zake za kujenga hazikufutwa, kwa kuwa sheria iliruhusu zihamishiwe katika viwanja vya jirani.

Hoja hiyo ya mwisho inahitaji kukaliwa kidogo, kwa sababu ndiyo njia ambayo miji mingi imeiiga na mingi imeiharibu. Katika utaratibu huo, kiasi cha ujenzi kisichotumika juu ya jengo la kihistoria hutenganishwa na kiwanja chake na kugeuzwa kuwa kitu kinachoweza kuuzwa, ndiyo haki ya anga. Mwekezaji wa mtaa mwingine hununua mita zile, huziongeza juu ya kiwango alichoruhusiwa, na kujenga ghorofa kadhaa zaidi; mwenye jengo la kale hupata fedha, na kiwanja chake hufungwa kisheria kisiweze kudai tena mita alizoziuza. Hazina ya umma haitoi kitu.

Ugumu upo upande wa mpokeaji. Haki hizo zina thamani tu pale ambapo kuna eneo lenye wanunuzi wanaotaka kujenga zaidi ya kiwango, na ambapo hakuna njia nyingine rahisi ya kupata nyongeza hiyo. Mji ukiwa na desturi ya kutoa misamaha ya urefu kwa kila anayeomba, hakuna atakayelipia kitu anachoweza kukipata kwa kuandika barua, na mwenye jengo la kale atabaki ameshika karatasi isiyo na mnunuzi. Kwa hiyo afisa wa mipango anayetaka utaratibu huu ufanye kazi hulazimika kwanza kuwa mgumu kwa viwanja ambavyo havina historia yoyote, jambo ambalo wanasiasa huliona la ajabu. Aidha, eneo la kupokea lazima liwe na mabomba ya maji, mifereji ya majitaka na usafiri wa kutosha kubeba watu wa ziada. New York wenyewe waliona kwamba viwanja vya jirani na Grand Central na majengo mengine ya kihistoria havikutosha kuzipokea haki zote. Mabadiliko ya kanuni ya mwaka 2017 yalipanua uuzaji hadi sehemu kubwa ya mashariki ya katikati ya Manhattan.

Orodha huja kabla ya ramani

Hakuna kati ya haya linalowezekana iwapo mji haujui una nini. Kazi ya kuorodhesha, yaani kupita mtaa kwa mtaa ukiandika umri, matumizi, hali ya paa, mmiliki na sifa za kila jengo, haina mvuto wowote wa kisiasa, na ndiyo inayokatwa bajeti kwanza. Athari yake huonekana baadaye. Orodha inayoandaliwa polepole na hadharani ni hatari pia, kwa kuwa humtahadharisha mmiliki. Huko London, kiwanda cha Firestone, jengo maarufu la kati ya vita viwili vya dunia, kilivunjwa sehemu yake ya mbele katika mapumziko ya mwisho wa wiki ndefu ya Agosti 1980, wakati uamuzi wa kulilinda ulikuwa unakaribia kutolewa. Uingereza ina hati ya dharura inayolipa jengo ulinzi wa miezi sita wakati linachunguzwa, na katika nchi ambayo haina ulinzi wa muda wa aina hiyo, tangazo la nia ya kuhifadhi linaweza kuwa ndilo tangazo la kubomoa.

Orodha hudai pia kupanga madaraja, maana si kila jengo la zamani lina uzito uleule. Nchini England majengo yaliyoorodheshwa yamo katika madaraja matatu, na zaidi ya tisa katika kila kumi yamo katika daraja la chini kabisa. Ni asilimia mbili na nusu hivi tu yaliyo katika la juu. Mgawanyo huo una busara ya kiutawala. Kisheria majengo ya madaraja yote hulindwa ndani na nje, lakini jengo la daraja la juu hupewa uzito zaidi maombi ya mabadiliko yanapoamuliwa, ilhali katika daraja la chini mmiliki huweza kupata nafasi zaidi ya kuishi maisha ya leo ndani yake. Mji unaoweka kila kitu katika daraja moja huishia ama kuwachosha wakazi ama kulegeza masharti kwa wote.

Jengo moja likilindwa huku mtaa wake ukibadilika kabisa, hubaki limesimama kama mgeni. Ufaransa iliona hilo mapema: sheria ya mwaka 1943 iliweka duara la umbali wa nusu kilomita kuzunguka kila jengo la kihistoria lililolindwa, ambamo ujenzi unaoonekana pamoja na jengo hilo hupitiwa na msanifu wa serikali. Duara ni umbo la ofisini, halijui mteremko wala kona ya barabara, na ndiyo maana sheria za baadaye ziliruhusu mipaka ichorwe kwa kufuata hali halisi ya mahali. London ilichagua njia nyingine. Tangu miaka ya 1930 imekuwa ikidhibiti urefu wa majengo ili kuba la kanisa kuu la Mtakatifu Paulo liendelee kuonekana kutoka sehemu maalumu, na baadhi ya minara ya leo imeinama au imekatwa pembe kwa sababu ya mistari hiyo ya kuona, ambayo haimo popote ardhini isipokuwa katika nyaraka za mipango.

Kinachotokea mpango wa ardhi na ahadi ya urithi zinapopingana kimeonekana wazi katika orodha ya Urithi wa Dunia. Bonde la mto Elbe mjini Dresden, nchini Ujerumani, liliingizwa mwaka 2004. Wapiga kura wakaidhinisha daraja jipya la magari la kuvuka bonde hilo mwaka 2005. Mwaka 2009 UNESCO ikaliondoa bonde hilo katika orodha. Liverpool iliingia mwaka huohuo wa 2004 na kuondolewa mwaka 2021 kwa sababu ya miradi ya kuendeleza eneo la bandari. Mtu anaweza kusema kwamba miji hiyo ilichagua maendeleo kwa hiari yake, na ana haki ya kusema hivyo. Lawama ya mtaalamu wa mipango iko mahali pengine: eneo liliombewa hadhi ya dunia bila mpango wake wa ardhi kurekebishwa ili ulingane na ombi hilo.

Faili la kibali

Kazi ya kila siku, lakini, haifanyiki katika vikao vya kimataifa. Hufanyika mezani, mbele ya faili la maombi ya kibali cha ukarabati, na humo ndimo ujuzi wa vifaa unapohitajika. Chukua mfano wa nyumba za Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingia katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, au za Lamu, iliyofuata mwaka 2001. Kuta zake nene zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake hubebwa na boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio unaoamua upana wa chumba, na kwa hiyo vyumba huwa virefu na vyembamba, mita tatu hivi kwa upana. Mwombaji anapoandika katika fomu kwamba atabadilisha nyumba iwe hoteli na "kupanua vyumba", maana ya maneno hayo mawili ni kukata kuta zinazobeba dari. Anapoandika kwamba atapiga plasta ya saruji, jambo linalosikika kama kuimarisha nyumba, anafungia unyevu na chumvi ndani ya ukuta ambao uliumbwa kupumua kupitia chokaa. Baada ya miaka kadhaa plasta huvimba, hubanduka, na huondoka na uso wa jiwe. Afisa asiyejua hili atapitisha maombi yote mawili, kwa sababu urefu haujabadilika, mpaka haujavukwa, na uso wa mbele umebaki vilevile.

Upo upande wa pili ambao watetezi wa majengo ya kale hupenda kuusahau: kanuni zenyewe za ardhi zinaweza kulifanya jengo lisitumike. Ngazi nyembamba haikidhi masharti ya moto. Kanuni inayodai maegesho ya gari kwa kila makazi mapya haiwezi kutimizwa na nyumba iliyojengwa kabla ya magari, na mara nyingine njia pekee ya kuitimiza ni kubomoa nyumba ya jirani. Jengo lisilo na matumizi hufa hata likilindwa na sheria kumi. Los Angeles iliona hivyo katika majengo yake ya ofisi ya katikati ya mji yaliyokuwa matupu kwa miongo, na mwaka 1999 ikapitisha kanuni iliyorahisisha kuyageuza kuwa makazi, ikiwa ni pamoja na kuondoa sharti la kuongeza maegesho. Maelfu ya makazi yalipatikana ndani ya majengo ambayo awali hayakuwa na mnunuzi. Kanuni hiyo haikumkataza mtu yeyote chochote, na huenda iliokoa majengo mengi zaidi kuliko makatazo. Vivyo hivyo, kituo cha reli cha Orsay jijini Paris, kilichofunguliwa mwaka 1900 na kupitwa na wakati upesi kwa sababu majukwaa yake yalikuwa mafupi kwa treni mpya, kilikaribia kubomolewa ili kipishe hoteli kabla ya kupewa kazi ya makumbusho, iliyofunguliwa mwaka 1986.

Kisha kuna mmiliki anayesubiri. Habomoi, kwa kuwa sheria inamkataza. Anaacha tu bati lililotoboka bila kulibadilisha, misimu ya mvua inapita, na siku moja mhandisi anakuja na kuandika kwamba jengo ni hatari kwa umma. Sheria ya England inaiwezesha mamlaka ya eneo kufanya matengenezo ya dharura katika jengo lililoorodheshwa na kumtoza mmiliki gharama, na uwezo huo ni mzuri kwenye karatasi, ila unahitaji mamlaka yenye fedha za kutanguliza. Marekani imeweka uzito upande wa motisha: mwenye jengo la kihistoria la biashara anayelikarabati kwa viwango vilivyowekwa hupunguziwa kodi ya mapato ya serikali kuu kwa kiasi cha asilimia 20 ya gharama zinazokubalika. Kwa maoni yangu, adhabu bila msaada humfika vizuri kampuni ya uwekezaji, lakini humwonea mjane aliyerithi nyumba kubwa na pensheni ndogo, na mpango mzuri hutofautisha hao wawili.

Wakazi

Suala gumu kuliko yote halionekani katika michoro. Ufaransa ilipopitisha sheria ya mwaka 1962 inayojulikana kwa jina la waziri André Malraux, iliyoanzisha hifadhi ya mitaa mizima, mtaa wa Marais jijini Paris ulikuwa umejaa mafundi, karakana na familia maskini zilizobanana katika majumba ya kale ya makabaila. Majumba yakaokolewa, nyongeza zilizojengwa uani zikaondolewa pamoja na karakana zilizokuwamo, kodi za nyumba zikapanda, na wengi wa wakazi wa awali wakahama.

Bologna, nchini Italia, ilijaribu kuzuia hilo kwa kutumia zana za matumizi ya ardhi. Mpango wake wa mwaka 1973 wa kitovu cha kihistoria, ambao msanifu majengo Pier Luigi Cervellati alikuwa mhimili wake, uliwachukulia wakazi kuwa sehemu ya kile kinachohifadhiwa. Fedha za makazi ya umma, ambazo kwa kawaida zilikwenda kujenga vitongoji vipya pembezoni, zilielekezwa kukarabati nyumba za kale, na wamiliki waliopokea msaada walifunga mikataba ya kodi nafuu kwa wapangaji waliokuwamo. Mpango huo haukutekelezwa wote, na pendekezo la kutwaa nyumba kwa nguvu liliachwa mapema baada ya kupingwa, lakini ulithibitisha kwamba idara ya mipango inaweza kuandika masharti kuhusu nani anaishi ndani ya ukuta, pamoja na masharti kuhusu ukuta wenyewe.

Venice ni mfano wa upande wa pili. Kitovu chake cha kihistoria kilikuwa na wakazi wapatao 175,000 mwaka 1951, na kufikia 2022 walikuwa wamepungua chini ya 50,000, ingawa majengo yenyewe yamelindwa kwa ukali ambao miji michache inaufikia. Sababu ni nyingi, na mafuriko na uhaba wa ajira za kudumu vimo, lakini kugeuzwa kwa nyumba kuwa malazi ya watalii kumeharakisha mambo, na mageuzi hayo hayahitaji kuhamisha hata tofali moja. Katika daftari la vibali, nyumba iliyotoka mikononi mwa familia ya wakazi ikaingia mikononi mwa wageni wa siku tatu huendelea kuandikwa "makazi", na afisa wa mipango hana pa kuishika mpaka kanuni ziyatambue malazi hayo kuwa matumizi ya ardhi yanayojitegemea, yenye kanda zake, idadi yake ya juu katika kila mtaa, na kibali chake cha kubadilisha matumizi.